Kilio Kilichokosa Msikilizaji

Mwaka 1954 mwanasaikolojia aliyekulia Toronto, Canada, alianza kuzunguka vijiji vya karibu na Kampala akitafuta wanawake wenye watoto wachanga. Jina lake Mary Ainsworth. Alifika Uganda kwa sababu mumewe, Leonard, alikuwa amepata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere. Akiwa huko akapata naye utafiti wake wa kufanya, na akapata mkalimani hodari, Bi Katie Kibuka, wakawa wanakwenda pamoja nyumba kwa nyumba. Walikwenda alasiri, saa ambazo mama wa Kiganda amekwisha kumaliza kazi za shamba na anaweza kukaa na wageni. Waliketi sebuleni, wakazungumza, huku wakitazama mtoto anavyopokelewa kutoka paja moja hadi jingine. Baada ya kama wiki mbili wakarudi tena. Wakaendelea hivyo kwa miezi, katika familia 26 zenye watoto 28.

Alichokiona kilimgeuza mawazo. Mtoto anatambaa kuelekea mlangoni, anasimama njiani, anageuka kumtazama mama yake, kisha anaendelea na safari. Akiingia mtu asiyemjua, anarudi mbio na kujibandika kwenye nguo ya mama. Ainsworth alikuwa amefika na imani iliyotawala saikolojia ya wakati ule, kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu mama ndiye anayemlisha. Katika sebule zile aliona wazi kwamba kuna jambo jingine. Mtoto alimtumia mama kama kituo cha usalama: akiwa na hakika kwamba yupo, anapata ujasiri wa kwenda mbali naye.

Watoto 16 aliwaona wametulia kwa mama zao kwa namna hiyo. Watoto 7 walikuwa na wasiwasi, wakilia hata wakiwa wamebebwa. Watoto 5 walikuwa bado hawajaonyesha kufungamana na mtu. Alipotafuta kilichowatenganisha, aligundua kwamba idadi ya walezi nyumbani haikuwa sababu. Mtoto aliyebebwa na bibi, shangazi na dada zake hakuharibika kwa hilo. Muda ambao mama mwenyewe alimpa mtoto ulihesabika. Tena kulikuwa na jambo ambalo kwangu ndilo la ajabu kuliko yote: mama aliyeweza kusimulia habari za mtoto wake kwa undani, anapenda nini, jana alishtushwa na nini, analia vipi akiwa na njaa na vipi akiwa na usingizi, kwa kawaida ndiye aliyekuwa na mtoto mtulivu. Ainsworth aliyachapisha hayo mwaka 1967 katika kitabu juu ya uchanga nchini Uganda.

Nimeanzia Buganda kwa makusudi. Tiba ya mazungumzo ikitajwa kwetu, wengi huona kochi la ngozi, daktari wa Ulaya mwenye ndevu, na shida za watu walioshiba. Kumbe mojawapo ya nguzo za tiba hiyo, hasa ile inayoitwa ya kina na ya uhusiano, ilisimamishwa kwa kutazama wanawake wa Kiafrika wakilea. Tuna haki ya kuijua.

Anayekwenda kwa mwanasaikolojia kwa mara ya kwanza hutarajia kupewa ushauri: achana naye, samehe, omba, fanya mazoezi, lala mapema. Lakini nasaha tunazo tele. Mashangazi wanazo, masheikh na wachungaji wanazo, makungwi wanazo, vipindi vya redio vya asubuhi vimejaa nasaha. Mtu aliyefikia hatua ya kulipa fedha aketi na mgeni dakika 50 kila wiki amekwisha kushauriwa vya kutosha, na aghalabu anajua vizuri kabisa anachopaswa kufanya. Kinachomtesa ni kwamba hawezi kukifanya, na hajui kwa nini.

Tiba ya kina inaanzia hapo. Inasema sehemu kubwa ya yanayotuendesha hatuyaoni wenyewe. Mtu anaweza kuchagua mchumba wa aina ileile mara nne, na kila mara akadhani ni bahati mbaya. Hilo Sigmund Freud alilisema mjini Vienna zaidi ya miaka 100 iliyopita. Wanasaikolojia wa mkondo wa uhusiano, ambao ulipata jina lake Marekani kutokana na kitabu cha Jay Greenberg na Stephen Mitchell cha mwaka 1983, waliongeza jambo kubwa. Yaliyofichika ndani yetu yalijengwa baina ya watu, tangu utotoni, na baina ya watu ndipo yatakapojitokeza tena. Yatakuja yenyewe mle chumbani, kati ya mteja na mtaalamu, ilimradi mtaalamu awe tayari kuyatambua na kuyasema.

Nitoe mfano wa kubuni, ili nisimguse mtu yeyote. Tuseme yuko mwanamke wa miaka 43, mhasibu jijini Dar es Salaam, kifungua mimba katika nyumba ya watoto sita. Amekuja kwa sababu hapati usingizi. Analipia ada wadogo zake, anamuuguza mama yake mwenye kisukari, na kazini ndiye anayebaki jioni kufunga hesabu ambazo wenzake wameziacha. Kwa mtaalamu anafika kabla ya saa. Anaamkia kwa heshima, anauliza hali ya nyumbani, anamwambia leo dokta unaonekana umechoka. Siku moja anamletea machungwa ya Muheza. Mtaalamu anayapokea, maana kukataa zawadi ya namna hiyo kwetu ni tusi, ila anaweka akilini kwamba machungwa yale nayo yanasema kitu.

Wiki ya nane mtaalamu anapatwa na msiba, anaahirisha kikao kwa ujumbe wa simu. Jibu linarudi upesi: hamna shida dokta, pole sana, pumzika. Wiki inayofuata mwanamke anachelewa dakika 20, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Anasimulia foleni ya Ubungo, wakaguzi wa hesabu, bei ya sukari. Muda unakwenda bila neno lolote la maana kusemwa.

Mtaalamu mwingine angeshukuru Mungu kwamba amepata mteja mwelewa. Huyu anasema: "Wiki iliyopita sikuwepo, nawe ulinijibu hamna shida. Nimebaki najiuliza kama kweli haikuwepo." Mwanamke anacheka. Dokta alikuwa na msiba, angekasirika vipi? Kisha ananyamaza. Kisha, kwa sauti ambayo mtaalamu hajawahi kuisikia kwake, anasema siku ile alikuwa amejiandaa kusema jambo fulani. Ujumbe ulipoingia alikuwa kwenye gari, nje ya ofisi. Alikaa pale bila kuwasha injini, akijiambia kwamba ni ujinga kumtegemea mtu.

Nasaha hata moja haijatolewa, lakini jambo kubwa limetokea. Mwanamke huyu alijifunza mapema, katika nyumba iliyokuwa na watoto wengi na mama mmoja aliyechoka, kwamba njia ya kukaa karibu na mtu ni kumfaa. Hasira na uhitaji viliwekwa kando, kwa kuwa hapakuwa na nafasi navyo. Hayo hakuyasimulia, na huenda hata akiulizwa angesema utoto wake ulikuwa mzuri tu. Aliyaishi mbele ya mtaalamu, kwa maamkizi, kwa machungwa, kwa ule ujumbe wa hamna shida. Kama yangepokelewa hivyo hivyo, wangeweza kuendelea miaka miwili, yeye akilipa fedha ili amtunze mtaalamu.

Hapa upo ugumu ambao watu wa nje hawauoni. Ili mtaalamu agundue yote hayo, inambidi kwanza ajichunguze mwenyewe. Inambidi akiri kwamba alikuwa ameanza kufurahia kuwa na mteja asiyesumbua, anayelipa kwa wakati, anayemjali. Zamani hisia za namna hiyo kwa mtaalamu zilihesabiwa kuwa kasoro ya kuficha. Mwaka 1950 Paula Heimann, aliyekuwa akifanya kazi London, aliandika makala fupi akasema kinyume chake: anachokihisi mtaalamu kinaweza kuwa habari muhimu kuhusu mgonjwa. Ukijikuta unasinzia mbele ya mtu fulani tu, au unamwogopa, au unataka kumwokoa, jiulize anakuweka katika nafasi ya nani. Hata kabla yake, Harry Stack Sullivan, daktari wa akili aliyefanya kazi karibu na Baltimore, alikuwa amekwisha kusema kwamba mtaalamu hawezi kukaa pembeni akatazama. Anatazama huku akishiriki.

Aliyelilipia ghali wazo hili ni Sándor Ferenczi wa Budapest. Alikuwa rafiki na mwanafunzi mpendwa wa Freud. Wagonjwa walioshindikana kwa wengine walipelekwa kwake, na wengi wao walikuwa wameumizwa vibaya utotoni, wengine kwa kunajisiwa na watu wa nyumbani mwao. Septemba 1932 alisimama mbele ya mkutano wa wenzake huko Wiesbaden, Ujerumani, akasoma mada juu ya namna lugha ya upendo ya mtoto inavyogongana na tamaa ya mtu mzima. Alisema watoto hawa walitendewa kweli, hawakuota. Kisha akawageukia wenzake. Mtaalamu anayeketi kimya na baridi mbele ya mtu kama huyo, akijificha nyuma ya adabu ya kazi huku moyoni amechoshwa naye au amemkasirikia, anarudia kile alichofanya mzazi aliyekana. Ferenczi aliuita huo unafiki wa kitaalamu. Akasema amegundua kwamba akikiri kosa lake waziwazi kwa mgonjwa, mgonjwa haporomoki, humwamini zaidi.

Freud alikuwa amemsihi asiichapishe mada ile. Wenzake wakampa kisogo. Ferenczi alifariki Mei 1933, miezi minane baadaye, na tafsiri ya Kiingereza ya mada hiyo ikasubiri hadi mwaka 1949. Shajara aliyoiandika mwaka ule wa 1932 ilichapishwa mwaka 1985. Nikisoma historia hii napata uchungu, kwa sababu nadhani wagonjwa wengi waliambiwa kwa miaka mingi kwamba waliyoyakumbuka ni ndoto za utotoni, ilhali mtu mmoja alikuwa amesema ukweli hadharani.

Kwamba kosa linaweza kukiriwa na uhusiano ukaimarika, utafiti juu ya watoto ulilikazia jambo hilo baadaye. Katika miaka ya 1970 Edward Tronick, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga kama kawaida, kisha kwa dakika chache wafanye uso uwe mkavu, bila tabasamu wala neno. Mtoto hutabasamu kumwita mama, hunyoosha mikono, hupiga kelele, na asipojibiwa hugeuza uso na kujikunja. Aliyewahi kuiona filamu ya jaribio hilo hasahau. Ila Tronick aliona jambo jingine lisilosimuliwa sana. Hata katika michezo ya kawaida, mama mwema na mtoto wake mwenye afya huwa wameoana kihisia kwa takriban asilimia 30 tu ya muda. Muda uliobaki wanapishana na kutafutana tena. Afya ya mtoto inatokana na kule kutafutana kukafanikiwa, mara nyingi kwa siku, mpaka ajue mwilini mwake kwamba kupishana si mwisho.

Wanasaikolojia Jeremy Safran na Christopher Muran walichunguza jambo hilo katika tiba ya watu wazima. Uhusiano wa tiba hupata nyufa, walisema, na nyufa hizo ni za namna mbili. Kuna mteja anayekuja juu, analalamika, anasema tiba hii haina maana. Na kuna anayejitenga kimyakimya: anakubali kila kitu, anachelewa, anasimulia mambo ya pembeni. Kwa malezi yetu, ambamo kumbishia mkubwa ni utovu wa adabu, nadhani ufa wa aina ya pili ndio utakaomponyoka mtaalamu wa Afrika Mashariki. Mteja hatasema ameumia. Ataamkia vizuri, atalipa, na hatarudi tena. Kwa hiyo mtaalamu asingoje kuambiwa. Inambidi aulize yeye, na aulize kwa namna inayoonyesha kwamba jibu lolote litapokelewa.

Mfano unaonishika zaidi katika maandishi yote ya fani hii unatoka Ann Arbor, jimbo la Michigan. Selma Fraiberg na wenzake wawili waliuchapisha mwaka 1975. Mama kijana alipelekwa kwao pamoja na mtoto wa miezi mitano na nusu ambaye alitabasamu kwa nadra, wala hakutafuta watu. Walipotazama filamu waliyokuwa wamewarekodi, waliona mtoto akipiga ukelele wa kukata tamaa katika mikono ya mama, naye mama akitazama pembeni kana kwamba hakuna sauti chumbani. Mwenye hasira za haraka angesema mama huyu hana moyo, au angeandaa somo la namna ya kumbembeleza mtoto. Wao walijiuliza kwa nini masikio yake yameziba.

Mtaalamu akaanza kumtembelea nyumbani. Kidogo kidogo habari ikatoka. Mama huyo alipozaliwa, mama yake mwenyewe alirukwa na akili na kujaribu kujiua kwa bunduki. Mtoto akalelewa na shangazi, kisha akapelekwa kwa bibi, akakulia katika umaskini bila kuwa wa mtu. Alisimulia hayo kwa sauti kavu, kama anasoma orodha. Mtaalamu hakumkatiza kumfundisha malezi. Alisikiliza, akataja kwa sauti uchungu ambao mtoto yule wa zamani lazima aliupata, akasema ni haki kulia kwa mambo kama hayo. Siku zikapita, na mama akaanza kulia kweli. Na katika vikao vilevile, akiwa katikati ya kulia kwake, alimnyanyua mtoto wake, akamkumbatia, akaanza kumwimbia. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kilio chake kilikuwa kimempata msikilizaji, na sasa aliweza kukisikia cha mwanawe.

Fraiberg alitoa hapo hoja ambayo bado ina uzito. Wazazi wengi walioteswa utotoni hawawatesi watoto wao. Wanaorudia mara nyingi wanakumbuka matukio vizuri kabisa: nilipigwa, niliachwa, nililala njaa. Walichokipoteza ni hisia za matukio hayo, ile hofu na ule uchungu. Mtu akiweza kuuhisi tena uchungu wake mbele ya mwenzake asiyekimbia, hana haja ya kumpasia mtoto.

Mary Main, aliyekuwa mwanafunzi wa Ainsworth, alikuja kulipima jambo hilo kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1980, huko Berkeley, yeye na wenzake walitengeneza mahojiano ya watu wazima. Mhojiwa anaombwa maneno matano ya kueleza uhusiano wake na mama yake alipokuwa mdogo, kisha kumbukumbu inayothibitisha kila neno. Mtu husema mama alikuwa na upendo. Akiulizwa lini, anashindwa, au anakumbuka alivyovunjika mkono akaogopa kumwambia. Main hakujali sana kama utoto ulikuwa mzuri au mbaya. Alitazama kama mtu anaweza kuusimulia kwa mpangilio, bila kuupamba na bila kuzama ndani yake. Mwaka 1991 watafiti Peter Fonagy, Miriam Steele na Howard Steele walitoa matokeo kutoka London: waliwahoji wanawake wajawazito kwa njia hiyo, wakasubiri watoto wazaliwe na kufikisha mwaka, na kwa robo tatu yao usimulizi wa mama ulikuwa umekwisha kuonyesha kama mtoto angekuwa mtulivu kwake au mwenye wasiwasi. Wale mama wa Kiganda waliojua kusimulia habari za watoto wao walikuwa wameonyesha ncha ya jambo hili miaka zaidi ya 30 kabla.

Na Main aliona pia kwamba wapo watu waliopitia utoto mgumu sana lakini wanausimulia kwa utulivu na ukweli, na watoto wao wako salama. Utulivu huo hawakurithi. Waliupata ukubwani, kwa mume au mke, kwa rafiki, kwa mwalimu, au katika tiba. Ndiyo sababu naamini kwamba kazi hii ya polepole ina thamani, hata pale wakosoaji wanaposema haraka haraka kwamba dawa au mazoezi ya wiki 12 yanatosha. Kwa wengi yanatosha kweli. Kwa aliyejeruhiwa na watu waliopaswa kumpenda, mara nyingi hayatoshi.

Nikiyatazama haya kutoka nyumbani kwetu, nawaza hasa juu ya kuondoka. Familia zetu zina walezi wengi, na Ainsworth alionyesha kwamba hilo si kosa. Lakini tuna desturi ya kuwaondoa walezi hao bila neno. Dada wa kazi amemlea mtoto tangu ana miezi mitatu. Amemwogesha, amemlaza, ndiye anayejua wimbo wake. Siku moja amegombana na mama mwenye nyumba juu ya mshahara, na mtoto akirudi kutoka chekechea anaambiwa dada ameenda kwao. Kesho analetwa mwingine. Mtoto wa darasa la pili anapelekwa bweni. Mwingine anatolewa kijijini akalelewe kwa baba mdogo mjini apate shule nzuri, na anaambiwa ashukuru. Huenda kweli alipata shule nzuri. Ashukuru pia, hakuna ubaya. Lakini nani alimuuliza analilia nani usiku? Tumejenga watu wazima hodari wa kusema hamna shida, na baadhi yao ndio wanaokuja kukosa usingizi wakiwa na miaka 43.

Pingamizi kubwa ninalolikubali ni la fedha na idadi. Kikao kimoja kila wiki kwa miaka miwili, kwa mtaalamu aliyesomea sana, hakiwezi kumfikia mkulima wa Rakai. Ndiyo maana jaribio lililofanyika Uganda kusini, wilaya za Rakai na Masaka, linastahili kujulikana zaidi. Ukimwi ulikuwa umeteketeza familia huko, na sonona ilikuwa imetapakaa. Watafiti Paul Bolton, Lena Verdeli, Myrna Weissman na wenzao walichagua tiba fupi iitwayo ya mahusiano, ambayo chimbuko lake ni mawazo ya yule Sullivan. Wenyeji wa hapohapo, wasio wataalamu wa akili, walifundishwa kwa wiki mbili kuongoza makundi. Wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16 na kuzungumza juu ya misiba yao, ugomvi wao na mabadiliko yaliyowakuta. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: baada ya tiba, waliobaki na sonona katika vijiji vilivyopata makundi walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji visivyoyapata asilimia 54.7. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hiyo kwa matumizi ya dunia nzima.

Hiyo si tiba ya kina. Haigusi miaka ya utoto, wala mwongozaji hachunguzi yanayopita kati yake na wanakundi. Kwa mwanamke wa mfano wangu isingefika mbali. Angekuwa mwanakundi bora, mwenye kumfariji kila mtu. Lakini inathibitisha msingi uleule, kwamba aliyevunjika anahitaji kusikilizwa na watu wanaobaki, na inauthibitisha kwa Kiganda, bila kochi.

Tiba yenye nguvu kiasi hiki inaweza pia kudhuru. Mtu anayeketi kila wiki mbele yako akikuonyesha utoto wake hana kinga. Kwa hiyo mipaka yake ni mikali: hakuna mapenzi, hakuna biashara, hakuna kukopeshana, hakuna kusimuliana habari zake na mchungaji wenu mnayesali kwake wote wawili. Katika miji yetu, ambamo kila mtu anamjua mtu, siri ndiyo kazi ngumu kuliko nyingine. Na mtaalamu mwenyewe lazima awe ameketi kwenye kiti cha mteja. Ainsworth, baada ya ndoa yake kuvunjika mwaka 1960, aliingia katika uchanganuzi wa nafsi na kuendelea nao kwa takriban miaka minane, miaka ileile aliyofanya utafiti wake mwingine mkubwa, huko Baltimore, Marekani. Wanaotaka kuwatibu wengine kwa njia hii bila wao kuipitia, na bila kuwa na mkufunzi mzoefu wa kupitia naye kazi zao, wasiaminiwe, hata wawe na vyeti ukuta mzima.

Tiba hii ina mwisho, na mwisho wake hupangwa. Mhasibu wetu, baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa, analala. Amemwambia mdogo wake wa tano kwamba ada ya muhula ujao atafute mwenyewe. Anaanza kusema huenda sasa inatosha. Mtaalamu hamzuii wala hamharakishi. Wanachagua tarehe miezi mitatu mbele na wanaihesabu kwa sauti: vikao 12, 11, 10. Kwa mtu ambaye walezi wake waliondoka bila kuaga, au yeye alisafirishwa usiku akiwa amelala, wiki hizi ni nzito kuliko zote. Usingizi unaweza kupotea tena. Anaweza kuanza kupata kasoro kwa mtaalamu, au kutaka kuacha mapema ili awe yeye wa kwanza kuondoka, na hilo nalo linasemwa waziwazi. Vikao viwili kabla ya mwisho anafika na hasira, anamwambia mtaalamu kwamba kwake hii ni kazi tu, kesho kiti hiki atakikalia mwingine. Mtaalamu anakubali kwamba ndivyo, kiti kitakaliwa na mwingine, na anamwambia pia kwamba atamkosa. Wanayaongea yote mawili mpaka saa inakwisha, na wiki inayofuata anarudi.